Kiganja cha Muzee Lin

Kwa miaka mingi niliamini kabisa kwamba mzee mmoja Mchina aliniua siku ya Jumanne, kabla ya chakula cha mchana, na kwamba kifo changu kilikuwa kinachelewa tu njiani.

Chekeni, lakini kidogo. Ninyi mnaokuja kila asubuhi kusimama nami hapa uwanjani kwangu Dilala, wewa wa bodaboda mnaoegesha pikipiki zenu kwenye ukuta wangu, bakreza wachimbaji mnaokuja bado na vumbi la shimo kwenye nyusi, mmeniuliza mara nyingi inakuwaje suderi, mchomelea vyuma, amalize kazi yake akiwa mwalimu wa kung-fu ya polepole. Nasikia pia mnaambiana kwamba naweza kumwangusha mtu bila kumgusa. Siwezi. Hata kuku wa jirani ananishinda. Basi nimekaa kuwaandikia jinsi ilivyokuwa. Mi ni mtu wa shule ya jioni, akili yangu inaamka jua likishuka, kwa hiyo nikiruka hapa na pale, mnifuate tu.

Ateliye yetu, karakana, ilikuwa pembeni ya barabara inayokwenda mashimo ya Mashamba. Kazi yetu ilikuwa godé, yale makoleo makubwa yaliyo mbele ya mashine za kuchimbia. Godé moja inaweza kubeba harusi nzima, bwana, bibi, kwaya na keki, na bado ikabaki nafasi ya kuweka masengi, mashangazi wote. Meno yake yanalika na mawe mpaka yanakuwa kama yangu sasa, na sisi tunayakata na kuchomelea mengine.

Jumanne ile nilikuwa nimelala chali ndani ya godé, nachomelea juu ya uso wangu. Kazi ya namna hiyo inakunyeshea moto. Shati la suderi lina matundu kuliko kichungio. Muzee Lin alikuwa ndiyo kwanza amefika kutoka kwao kuwa fundi mkuu wetu, na hakuna aliyekuwa amesikia sauti yake. Nilipotambaa nje na kuinua maski, nikamkuta amesimama mbele yangu. Alifungua kiganja, akanipiga kifuani upande wa kushoto, pa! Pigo dogo, kama mtu anayefunga mlango wa kabati. Akapaangalia pale alipopiga, akaitikia kwa kichwa, akaenda zake.

Kabeya, mwendesha kreni, aliona yote kutoka juu kwenye kibanda chake. Alikuwa rafiki yangu tangu utoto, tena mtu ambaye hakuwahi kukosa habari. Kama habari haikuwepo, alikuwa anaitengeneza. Alishuka, akanikuta kantini, akakaa na sahani yake.

"Tata Nesto, ule muzee alikupiga?"

"Alinigusa tu."

"Fasi gani?"

"Hapa."

"Ya kushoto! Na ngumi ao na kiganja?"

"Kiganja."

Kabeya akarudisha tonge la bukari, ugali wetu, kwenye sahani. Mtu wa Kolwezi akirudisha bukari, mjue jambo ni zito.

"Pole, ndugu yangu," akasema. "Unipelekee pole kwa Mama Odia na batoto."

"Pole ya nini?"

"Ile haikuwa kupiga. Ile ni kuweka. Anaweka mupepo mu kifua yako. Leo hausikie kintu. Kesho hausikie kintu. Kisha siku moja unainama kufunga kamba ya kiatu, kwisha. Bantu banaanza kulia."

"Weye unajulia wapi?"

"Hauonaka mu video? Na kule Fungurume kulikuwa kreza mumoja, Muchina alimugusa vile vile mu soko. Haikupita muda, akakufa."

"Alikufa na nini?"

"Shimo ilimuangukia."

"Basi ni shimo njo ilimuua!"

Kabeya akaniangalia kwa huruma. "Na nani aliambia shimo ianguke?"

Shule ya jioni haikutufikisha kwenye somo hilo.

Nilimuuliza kama kuna dawa. Akasogeza kiti, akateremsha sauti. Kwanza, nisimuulize Muzee Lin jambo lile hata siku moja, maana ukimuuliza yule aliyekupiga, mupepo unasikia kwamba unatajwa, unaamka, unaanguka palepale miguuni pake. Pili, dawa ipo, na Muzee mwenyewe anaitumia mbele ya macho yetu.

"Asubuhi, nyuma ya konteneri, haumuonaka? Anasimama kama anakumbatia muti ile haiko. Unafikiri anacheza? Naye balimupiga zamani kwabo! Kila asubuhi anachelewesha. Njo anaendesha vile mpaka uzee. Weye simama kama yeye, usikose hata siku moja."

Nyumbani nilimkuta mke wangu, Mama Odia, ananingoja kwenye mlango wa mbele. Macho yake yalikwenda moja kwa moja kwenye shati.

"Tundu ingine tena! Pembeni ya mufuko! Hii shati si njo ile ya Pasaka?"

"Mama Odia, acha shati. Ninakufa."

"Utakufa mbele ya ubatizo ya mutoto wa dada yangu, ao kisha?"

Nikamweleza. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema ataniombea kwenye kwaya, na hapohapo akachukua kipande cha kitenge cha kijani akaanza kuweka kiraka. Alikuwa mwanamke wa kufanya mambo mawili pamoja.

Kesho yake nilikuwa nyuma ya konteneri kabla ya honi ya kazi. Nilisimama mbali kidogo, kama mtu anayesubiri gari la watu wengine. Muzee Lin alinitazama. Akaja, akanisukuma mabega chini, akanigonga magoti kwa ncha ya kiatu ili yalegee, akarudisha kidevu changu ndani kama anayefunga droo. Kisha akasema neno pekee la Kiswahili alilokuwa nalo wakati ule.

"Bado."

Mnalijua neno hilo, maana ninyi nimewachosha nalo. Nilisimama mpaka miguu ikaanza kutetemeka kama kompresa mbovu. Kokoto chini ya viatu vyangu zilikuwa zinaruka. Nikamwangalia. "Bado." Jasho likanitoka mahali ambapo sikujua kuwa jasho linapita. "Bado." Kabeya, juu kwenye kreni, alikuwa ananipungia mkono wa kunipa moyo, kama mtu anayeaga treni.

Sasa wale wapya, shikeni hili, maana ni kazi, si hadithi. Miguu iachane upana wa mabega. Magoti laini; goti lililofungwa ni mlango uliofungwa, uzito haupiti. Mikono uiweke kama umebeba chungu kikubwa cha munkoyo, togwa yetu, na mama mkwe anakutazama. Pumzi iende chini tumboni, usiivute, usiisukume, iache ipite kama mtu wa nyumbani. Kwanza miguu itaungua. Kisha itatetemeka. Kisha miguu ikinyamaza, kichwa ndicho kitaanza: kitakuletea kesi zote za zamani, shemeji aliyekutukana, shefu aliyekupita. Hayo ni kama malori ya barabara ya Mashamba. Yaone yanapita. Si lazima upande.

Mi nilikuwa mtu wa moto. Kabla ya Jumanne ile nilishawahi kumrushia fundi mwenzangu maski kwa sababu alipiga mluzi karibu na sikio langu. Lakini mtu anayechelewesha kifo chake hana nafasi ya kugombana. Nilikuwa nasimama kwa woga mtupu, lazima niseme. Sikuwa natafuta hekima yoyote. Kila nilipoinama kufunga kamba ya kiatu, nilikuwa nasema sala. Mwishowe nikanunua viatu visivyo na kamba.

Jambo la ajabu lilianzia kwenye kazi. Kuchomelea wima, kutoka chini kwenda juu, ni mtihani wa kila suderi: chuma kinayeyuka, kinataka kukudondokea, na ukikimbiza mkono, unaacha mashimo, ukichelewa, unaacha vinundu kama matiti ya mbuzi. Wengine walikuwa wanashika pumzi. Usishike pumzi! Mwenye kushika pumzi mkono wake unaruka pale anapoiachia. Siku moja nilijikuta nimesimama mbele ya godé na magoti yale ya konteneri, pumzi inakwenda yenyewe, na mkono wangu unapanda bila kutumwa. Nilipobandua ganda la mchomo, mstari ulikuwa umelala sawa kama nywele za mtoto siku ya komunyo. Mafundi walikuja kutazama kutoka ateliye jirani, wengine walisema walitoka Likasi. Muzee Lin alipita, akatazama muda mrefu, nikangoja sifa.

"Bado," akasema.

Halafu ikaja habari ya mpasuko, na hapo ndipo nilipojua, au nilipofikiri najua, kwamba Kabeya alisema kweli tupu.

Ilikuwa msimu wa mvua. Muzee Lin alikuwa ameitwa Lubumbashi kuchagua vipuri. Shefu wetu, Mande, alikuwa mtu mfupi mwenye haraka. Alikuwa anakunywa chai ikiwa bado inachemka ili asipoteze muda wa kuipoza. Mashine ilikuwa inangoja shimoni, godé ilikuwa kwetu, lori lilikuwa mlangoni linanguruma. Chuma kinene namna ile lazima ukipashe moto kwanza, kote, mpaka kiive, ndipo uchomelee. Tulikipasha juujuu tu, kama mtu anayeosha uso kwa vidole. Bageti zetu za kuchomelea zilikuwa zimelala nje ya tanuri la kuzikausha, zimekunywa unyevu. Tukachomelea, na mchomo ulipendeza mpaka ungeweza kunyolea ndevu ukijiona ndani yake.

"Mumwangie mayi!" Mande akapiga kelele. "Ipoe, ipande lori!"

Tukamwaga maji. Mvuke uliopanda pale, mi nasema watu wa Fungurume walianua nguo. Lakini mvua ikazidi, barabara ikawa uji, lori halikutoka. Godé ikalala kwetu.

Asubuhi Muzee Lin alirudi. Alizunguka godé, akaigonga kwa nyundo ndogo, akainamisha sikio. Akachukua chai yake. Sote tulikuwa tumekaa na vikombe, hakuna mashine inayofanya kazi, hakuna aliyegusa chochote, na ghafla ndani ya ukimya ule: *ta!* Kama mfupa. Ufa ukakimbia kutoka jino la kwanza mpaka katikati ya mdomo wa godé.

Wenzangu waliruka kwa sababu ya godé. Mi nilishika kifua. Mnaelewa? Chuma kile kilifanyiwa kosa jana, kikaonekana kizima, kikapendeza, watu wakakisifu, na kikapasuka leo wakati kimepumzika. Kabeya alinitazama kutoka upande wa pili wa meza. Aligusa tu kifua chake upande wa kushoto, taratibu.

Kazi yote ikarudiwa. Muzee Lin alitukatisha meno yote, akatuchimbisha ufa mpaka mwisho wake. Halafu akawasha shalumo, ule mdomo wa moto wa gesi, akapasha chuma kwa upana, bila kukaza mahali pamoja. Sisi wa zamani tulikuwa tunapima joto kwa kutema mate tusikilize yanavyolia; yeye alikuwa na chaki inayoyeyuka joto likifika. Ninyi leo mna kifaa cha kuelekeza tu kama bastola, namba inatokea. Ni sawa, lakini namba haiwezi kukungojea, kungoja ni kwako. Tukachomelea kwa bageti kavu, za moto, moja baada ya nyingine. Mwisho akaifunika godé kwa chokaa na mablanketi makuukuu, kama mama aliyetoka kuzaa, akaleta kigoda, akakaa.

Mande alifika mbio. "Muzee, tunangoja nini? Shimo inalia! Bakubwa banapiga telefone! Weye unakaa hapa na unakunywa chai!"

Hapa niwaambie, kama mnataka kujua kung-fu yote niliyoiona maishani mwangu, ni hii. Muzee Lin alisimama, akampa Mande kigoda chake. Mande akakaa, maana mtu akipewa kigoda kwa mikono miwili anakaa, ndivyo tulivyolelewa. Akampa kikombe. Mande akakishika. Sasa jaribuni ninyi kugomba mkiwa mmekaa chini, mmeshika kikombe kilichojaa mpaka ukingoni. Maneno yalimtoka Mande mawili, matatu, yakaanza kupungua. Muzee akachuchumaa kando yake, akanyoosha kidole kwenye mablanketi.

"Bado," akasema, kwa upole, kama anayemwonyesha mtoto aliyelala.

Mande akanywa chai. Naapa, alisubiri ipoe.

Godé ile ilikwenda shimoni na ilirudi meno yakiwa yamelika kabisa, lakini pale tulipochomelea hapakuwa na ufa hata wa unywele. Nami nilipoona vile nikafanya hesabu yangu mwenyewe. Kama chuma kilichofunikwa, kikapoa kwa muda wake, hakipasuki, basi labda hata kifua cha mtu. Tangu siku ile sikusimama tena kwa kuhesabu pumzi kama mfungwa. Nilikuwa nasimama ili nipoe. Nikipandwa na hasira, najifunika. Nikisifiwa, najifunika. Ninachotaka kupasuka nacho, nakingoja.

Miaka ikaenda. Muzee alinifundisha na ule mchezo wa kusukumana mikono mnaoupenda. Mwanzoni nilikuwa namsukuma kwa nguvu zote, yeye hayupo, mi niko ndani ya pipa la oili chafu. Mama Odia alikuwa anajua maendeleo yangu kwa kuangalia suruali. Siku niliporudi na suruali safi alipika kuku. Na mara moja, hapa Dilala, wewa mmoja alinigonga kwa gurudumu akashuka kunitukana yeye mwenyewe, akanishika shati. Zamani ningempeleka hospitali. Nilimwachia shati liende naye, nikageuka kidogo tu kama mlango, yeye akapita akakaa kwenye beseni la mama muuza sombe, kisamvu. Sikumpiga. Aliyempiga ni yule mama. Wewa huyo yupo miongoni mwenu, anasoma sasa hivi, na anajua kwamba jina lake sitalitaja.

Muzee Lin naye alibadilika. Neno lake moja lilizaa mengine, mpaka akawa anajibizana na mama wauza bitoyo sokoni kama mtu aliyezaliwa pale, na wakisema anaongea vibaya anawauliza kama samaki yao inasikia. Hatukuwahi kuzungumza juu ya Jumanne. Jioni moja moja nilitaka, ulimi ukafika kwenye meno, nikamkumbuka yule kreza wa Fungurume, nikaumeza.

Halafu tukasikia anarudi kwao, moja kwa moja. Watoto wake wamemwita, ana wajukuu hajawaona. Nami nilikuwa nakaribia kustaafu. Nilikaa nikawaza: akiondoka, sitajua kamwe. Nitainama siku moja hapa uwanjani, nianguke, na Kabeya atasimama kwenye msiba wangu aseme aliwaambia.

Siku ya kumuaga nilivaa shati la kanisa. Mama Odia nilimleta, nikamsimamisha karibu, ili kama ni kuanguka niangukie upande wa watu wangu. Kabeya aliponiona ninavyotembea kuelekea konteneri alielewa mara moja, akanishika mkono.

"Nesto, hapana. Acha. Umefika mbali, ndugu. Maliza hivi hivi."

"Nimechoka kungoja."

"Basi uniachie funguo ya kinga yako."

Nikamwachia funguo ya kinga, baiskeli yangu. Nikaenda. Muzee Lin alikuwa amekaa kwenye kigoda chake kilekile, kikombe mkononi, mizigo imefungwa. Nikasimama mbele yake, magoti laini, pumzi chini. Moyo ulikuwa unapiga mpaka nafikiri kreni ilitikisika.

"Muzee," nikasema, "kuna kintu ninataka kukuuliza."

"Uliza, Nesto."

"Ile siku ulifika. Mi nilitoka mu godé. Ulinipiga hapa." Nikaweka mkono upande wa kushoto. "Na kiganja. Uliniwekea nini?"

Akanitazama. Nyuma yangu nilimsikia Kabeya anaanza Baba Yetu. Muzee Lin alifikiri, akatazama kifua changu kama mtu anayetafuta mlango wa nyumba aliyowahi kuishi, halafu uso wake ukafunguka.

"Aaa! Ile siku!" akasema. "Shati yako ilikuwa inawaka. Cheche iliingia pembeni ya mufuko, weye haukusikia. Mi nilizima."